Kabla Uongeze Mafuta ya Breki, Uliza Yameenda Wapi

Leo hakuna siasa na hakuna stori za mapenzi. Leo tunaongea kuhusu kikopo kidogo cha plastiki kilicho chini ya boneti, karibu na upande wa dereva, ambacho wengi wetu hatujawahi kukiangalia hata siku moja. Ndani yake kuna mafuta ya breki. Na maoni yangu nayasema mapema, ili kama unataka kunipinga uanze sasa: tabia yetu ya "ongeza tu, twende" inaua watu polepole.

Najua wengi mnaosoma hapa hamna gari. Hata mimi sina. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa magari kwenye chuo cha ufundi, mwaka wa pili, na ninachomiliki kwa sasa ni ovaroli moja na deni la mama mboga. Lakini wewe na mimi tuko ndani ya gari kila siku. Matatu asubuhi, teksi ya kuitisha kwa simu usiku, gari ya mzazi, gari ya yule rafiki ambaye babake alimwachia funguo wikendi moja tu. Mguu ulio kwa breki ni wa mtu mwingine, lakini shingo ni yako. Kwa hivyo hii stori inakuhusu.

Tuanze na vile kitu yenyewe inafanya kazi, kwa sababu ukielewa hapo, hakuna mtu atakudanganya tena gereji.

Ukikanyaga pedali ya breki, hakuna waya unaovutwa hadi kwa gurudumu. Kwa magari mengi, waya ni wa hendibreki. Pedali inasukuma pistoni ndani ya kitu kinaitwa masta silinda, na hiyo pistoni inasukuma mafuta kwenye vipaipu vyembamba hadi kwa kila gurudumu. Mfaransa Blaise Pascal alieleza hii maneno karne ya 17, kabla gari lolote kuwepo: ukibana kimiminika kilichofungwa ndani ya chombo, presha inasambaa sawa kila upande. Ndiyo maana mguu mmoja wa mtu wa kilo 55 unaweza kusimamisha chuma cha zaidi ya tani moja. Na kuanzia 1921, Wamarekani waliotengeneza Duesenberg Model A walikuwa washaweka breki za aina hii kwa magurudumu yote manne. Si teknolojia mpya. Imezeeka kuliko babu zetu wengi.

Sasa shika hii sehemu vizuri. Mfumo huo umefungwa. Petroli inaungua, lazima iishe. Mafuta ya injini yanaweza kuungua kidogo kidogo. Maji ya waipa unayarusha mwenyewe kwa kioo. Lakini mafuta ya breki hayaungui na hayatumiki. Yanasukumwa, yanarudi. Kwa hivyo yakipungua, kuna mahali yameenda, na mahali penyewe ni pawili tu.

Pa kwanza ni ndani ya breki zenyewe. Zile pedi zinazobana diski zinaisha kadiri siku zinavyoenda, kama soli ya kiatu. Zikiisha, pistoni inayozisukuma inatoka nje zaidi ili ifikie diski, na ile nafasi inayobaki nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kwa kikopo. Hapo mafuta hayajapotea, yamehama tu. Kikopo kinashuka polepole sana, kwa miezi mingi, na hiyo ni kawaida. Ujumbe wake ni mmoja: angalia pedi.

Pa pili ni nje. Yaani inavuja. Kuna liki kwenye paipu ya mpira, au kwa gurudumu, au kwa masta silinda yenyewe. Na kama gari ni ya gia za mkono, klachi yake mara nyingi inakunywa kutoka kikopo hichohicho, kwa hivyo liki inaweza kuwa upande huo pia. Hapa kikopo kinashuka haraka, kwa wiki au hata kwa siku. Ujumbe wake ni mwingine kabisa: usiende mbali na hii gari.

Sasa fikiria msee anafungua boneti, anaona mafuta yako chini, anamimina mpaka juu, anafunga. Taa inazima. Kila mtu anafurahi. Lakini swali la yameenda wapi halijajibiwa, na zaidi ya hapo, shahidi pekee aliyekuwa anaongea amenyamazishwa.

Mwaka jana mwezi wa Desemba haya mambo yaliingia nyumbani kwetu. Mathe anasambaza mayai kwa maduka, na gari anayotumia ni moja ya zile ndogo nyeupe zilizotoka Japani zikiwa zimetumika, zile zinabeba kila kitu kuanzia kreti hadi ng'ombe mdogo. Hiyo gari ndiyo fizi yangu. Ndiyo kodi ya nyumba. Ikilala, sisi pia tunalala, tena njaa.

Alhamisi moja jioni tulikuwa tunarudi nayo, na nikaona ile taa nyekundu, duara lenye alama ya mshangao, inawaka tukikata kona, halafu inazima tukinyooka. Mathe akavuta hendibreki akaishusha. "Ni hii, huwa inasumbua," akasema. Na kusema ukweli ana sababu ya kufikiria hivyo, kwa sababu kwa magari mengi taa ya hendibreki na taa ya mafuta ya breki ni ileile moja. Lakini kuna tofauti. Hendibreki haijui kona. Ndani ya kile kikopo kuna kielea kidogo kinachowasha taa mafuta yakishuka. Mafuta yakiwa karibu kuisha, ukikata kona yanakimbilia upande mmoja, kielea kinashuka, taa inawaka. Ukinyooka yanarudi, inazima. Hata ukipanda au kushuka mlima inaweza kufanya hivyo. Taa inayowaka na kuzima kwa kona si waya mbovu mpaka uhakikishe kikopo kimejaa.

Ijumaa asubuhi nilifungua boneti gari ikiwa pahali tambarare na imepoa. Kikopo kinaangaza, huhitaji hata kufungua kifuniko, unamulika tu na tochi ya simu kutoka upande. Kuna mistari miwili, MAX juu na MIN chini. Yetu ilikuwa chini ya MIN.

Na Jumamosi yake tulikuwa na ruracio ya kasini yangu Nakuru. Gari ilikuwa ibebe mathe, shangazi watatu, sufuria za kukodisha na kreti za soda. Njia ni ile ya Mai Mahiu. Kama hujawahi kuipita, barabara inaachana na baridi ya Rironi na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, malori mbele na malori nyuma, mpaka chini karibu na kale kakanisa kadogo walikojenga wafungwa wa vita Waitaliano mwaka wa 1942. Huko breki hazipumziki.

Anko akaja na chupa ya mafuta ya breki mkononi. Anko ni ndugu ya mathe, ameendesha malori miaka 20, na mimi ni mtoto wa juzi ambaye bado anaombwa aende dukani kuleta unga. "Ongeza tu," akasema, "tutaangalia tukirudi."

Hapo ndipo pagumu, na ndiyo sababu naandika hii. Spana si ngumu. Ngumu ni kumwambia mtu mkubwa asimame, bila kumkosea heshima. Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza tu, "Anko, naomba kujua kitu kimoja. Mara ya mwisho kuongezwa ilikuwa lini?"

Akafikiria. "Wiki mbili zimepita. Mimi mwenyewe niliongeza."

"Ilijaa?"

"Ilijaa."

Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza. Kwa sababu pedi haziwezi kuisha hivyo kwa wiki mbili. Kutoka MAX hadi chini ya MIN ndani ya siku 14 ni liki, hakuna hesabu nyingine. Anko ndiye aliyeleta jeki kutoka nyuma ya gari.

Sasa nikupe ile kazi tulifanya, kwa mpangilio, kwa sababu hata wewe unaweza kuifanya nyumbani bila kifaa cha maana.

Kwanza tulikanyaga pedali gari ikiwa imesimama. Pedali nzuri inafika mahali inagoma, ngumu, na inabaki hapo. Ikiwa inabonyea kama sponji, kuna hewa ndani, kwa sababu hewa inabanika lakini mafuta hayabaniki. Ikiwa inagoma halafu inazama polepole ukiendelea kuikanyaga, ama kuna liki, ama sili za ndani za masta silinda zimechoka na mafuta yanapita ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Na ukilazimika kuikanyaga mara mbili tatu ndipo ishike, hapo gari inakuomba usiiguse. Yetu ilikuwa inashuka kuliko kawaida, halafu inashika.

Pili, tuliangalia chini. Chana katoni, ilaze chini ya gari usiku kucha, asubuhi usome matone. Maji safi katikati ya gari ni ya kiyoyozi, achana nayo. Mafuta meusi mazito ni ya injini. Maji ya rangi yenye harufu tamu ni ya rejeta. Mafuta ya breki ni mepesi, ya rangi ya manjano hafifu au kahawia yakizeeka, yanateleza sana kwa vidole, na mara nyingi utayapata karibu na gurudumu au chini ya pedali. Nawa mikono baada ya kugusa, na usipake macho.

Tatu, tulitoa magurudumu. Kabla ya hapo weka mawe kwa magurudumu yanayobaki chini, na kamwe usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Mbele pedi zilikuwa nene, hakuna shida. Nyuma kulia, kukavu. Nyuma kushoto, upande wa ndani wa tairi kulikuwa na mstari wa unyevu umeshikana na vumbi. Tukatoa dramu. Ndani kuna silinda ndogo inayosukuma lainingi mbili. Anko akainua ule mpira wa vumbi kwa ncha ya bisibisi, na mafuta yakatoka kama machozi. Lainingi za upande huo zilikuwa zimelowa.

Na hii ndiyo sehemu watu wengi hawajui. Liki ya gurudumu moja haimalizi breki zote siku hiyohiyo, kwa sababu magari ya kisasa yana njia mbili za mafuta zilizotenganishwa. Moja ikifa, nyingine inabaki na nusu ya breki. Inaonekana kama habari njema. Lakini ndiyo pia inafanya watu waendelee kuendesha. Gari inasimama, sindio? Inasimama ukiwa peke yako mtaani kwa kilomita 30 kwa saa. Gari iliyobeba watu wanne na sufuria, ikiteremka ukingo wa Bonde la Ufa, ni mtihani mwingine.

Bei ikaja. Silinda mbili za nyuma, kwa sababu kama moja imechoka mwenzake yuko nyuma yake tu. Lainingi za pande zote mbili, kwa sababu iliyolowa mafuta haisafishiki, na ukibadilisha upande mmoja gari itavuta ukifunga breki. Mafuta mapya. Kazi ya fundi. Jumla ilikuwa karibu sawa na pesa ambayo mathe alikuwa ameweka kando ya mchango wa ruracio. Akaniangalia kwa yale macho unayajua. "Kwa hivyo niende kwa watu mikono mitupu?"

Hakuna kitabu cha chuo kinakufundisha kujibu hiyo. Anko ndiye aliyejibu. Akasema, "Dada, tutaeleweka." Jumamosi walienda na matatu, sufuria zikabebwa na pikapu ya jirani, walifika wakiwa wamechelewa na shangazi mmoja akaniongelea vibaya mpaka Naivasha. Gari ilibaki juu ya mawe. Hakuna mtu atakuonyesha ajali ambayo haikutokea, na hakuna mtu atakupigia makofi kwa sababu yake. Zoea tu.

Jumatatu fundi wa mtaa akaja na spea kutoka Grogan, na tukafanya kazi pamoja. Baada ya kufunga silinda mpya, lazima hewa itolewe, kwa sababu ukifungua paipu hewa inaingia. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwa pedali, mwingine yuko kwa gurudumu na spana, na kipaipu kinachoangaza kimevalishwa kwenye kile kiskurubu cha kutolea hewa, ncha nyingine imezamishwa ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Fundi anasema "kanyaga", unakanyaga na kushikilia. Anafungua, mafuta na mapovu yanatoka, pedali inazama. Anafunga kwanza, ndipo anasema "achilia". Ukiachilia kabla hajafunga, unavuta hewa ndani tena. Mnarudia mpaka mapovu yaishe. Kwa magari mengi mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kwa gari zetu za usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Na katikati ya hiyo kazi yote mtu lazima achungulie kikopo, kisikauke, la sivyo mnaanza upya.

Mafuta gani? Soma kifuniko. Kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Magari mengi hapa yametoka Japani, kwa hivyo unaweza kukuta BF-3, ambayo kwa Wajapani inalingana na DOT 3. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za familia moja. DOT 5 bila hiyo .1 ni ya silikoni, familia nyingine kabisa, usichanganye. Na mtu asikwambie uweke mafuta ya injini au ya stiaringi "kwa sasa tu". Hayo yanavimbisha sili za mpira za mfumo mzima, na badala ya kubadilisha silinda moja utabadilisha kila kitu.

Tena chupa iwe imefunguliwa mbele yako. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na chupa iliyokaa wazi kwa rafu ya gereji miezi sita imeshakunywa maji. Kuna sababu hii ni muhimu. DOT 3 mpya lazima istahimili joto hadi angalau nyuzi 205 kabla ichemke. Ikishaingia maji, kiwango kinachoruhusiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Sasa teremka mlima mrefu huku umekanyaga breki dakika nzima nzima. Breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unaundwa ndani ya paipu, na mvuke ni kama hewa, unabanika. Pedali inaenda hadi sakafuni na kikopo kiko MAX. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo maana mlimani unashuka na gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia gari.

Kwani ni makosa kuongeza? Hapana. Kama kimeshuka kidogo, pedali iko ngumu, umeangalia magurudumu hakuna unyevu, na pedi bado ziko, ongeza aina inayofaa, usipite MAX. Futa vumbi kwa kifuniko kabla ya kukifungua, na ukimwagia rangi ya gari, osha na maji mara moja kwa sababu mafuta hayo yanakula rangi. Halafu piga picha. Simu yako imejaa picha za chakula, haiwezi kukosa nafasi ya kikopo kimoja. Piga picha leo, piga nyingine baada ya wiki. Ikiwa mstari umeshuka, una jibu, na una ushahidi wa kumwonyesha mzazi bila kubishana. Lakini kama pedi zimeisha, usijaze. Badilisha pedi kwanza, na mara nyingi utaona mafuta yanapanda yenyewe, kwa sababu pistoni zimerudishwa ndani. Walioongeza mpaka juu ndio hufurikiwa siku hiyo.

Na taa ikiwaka mkiwa barabarani? Shusha mwendo, hakikisha hendibreki iko chini, toka kando pahali salama. Pedali ikiwa laini au inazama, safari imeisha, tafuta gari ya kuvuta. Ikikuishia ukiwa kwa mwendo, kanyaga haraka haraka mara nyingi, inaweza kurudisha presha kidogo, teremsha gia, na uvute hendibreki polepole, usiinyakue.

Sasa nirudi kwa maoni yangu. Sisi Wakenya tuna sentensi moja tunaipenda sana: "breki zilifeli". Julai 2022 basi lilipotumbukia kwenye daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, ndiyo sentensi iliyozunguka kila mahali. Siongelei basi lile, sina kazi ya upelelezi. Naongelea sentensi yenyewe. Inafanya breki zionekane kama mtu mzima aliyeamka asubuhi akaamua kufeli. Breki kufa ghafla bila dalili inawezekana, lakini mara nyingi kuna dalili iliyotangulia. Taa iliwaka kwa kona. Pedali ilishuka kidogo. Kikopo kilipungua wiki mbili baada ya kujazwa. Mtu aliona, na mtu akasema ongeza tu, twende, tutaangalia tukirudi.

Na simlaumu huyo mtu kama ni mjinga. Anko si mjinga, ameteremka Mai Mahiu mara nyingi kuliko nilivyoingia darasani. "Ongeza tu" inatoka kwa mfuko mtupu, kwa mdosi anayetaka gari irudi barabarani, kwa mayai ambayo lazima yafike kabla ya duka kufunguliwa. Chupa ni shilingi mia kadhaa, silinda na lainingi ni elfu kadhaa. Ukiwa na mia kadhaa, utanunua chupa. Naelewa. Lakini ile chupa ikinunuliwa mara mbili, mara tatu, mara nne, ushalipia silinda na bado hujaipata.

Kwa hivyo kazi yetu sisi vijana ni ndogo na haihitaji gari wala pesa. Ni kuuliza. Ukiona dereva wa matatu anapiga pedali mara tatu ndipo isimame, muulize, "Dere, breki iko sawa?" Akikujibu vibaya, shuka, nauli itarudi siku nyingine. Nyumbani, muulize mzazi au anko ile kwa upole: mara ya mwisho uliongeza lini? Hilo swali halimvunjii mtu heshima. Linamwachia mwenyewe apige hesabu.

Wikendi hii, kabla ya mtu yeyote kwenu kuwasha gari, omba akufungulie boneti. Tochi ya simu, upande wa dereva, kikopo kidogo, mistari miwili. Dakika moja haifiki.